Kazi mbili na kibarua katika mwaka mmoja: ritani ya kodi naijazaje?

*“Habari. Mwaka 2025 nilifanya kazi kwa mwajiri wa kwanza Januari hadi Aprili. Mkataba ukaisha, nikakaa nyumbani Mei na Juni, kisha Julai nikaajiriwa kwingine, ambako niko hadi sasa. P9 (fomu ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka) ya kwanza inaonyesha mshahara unaotozwa kodi ni 50,000 kwa mwezi, ya pili 70,000. Katika ile miezi miwili ya kukaa niliandikia shirika moja ripoti ya 120,000, nikapokea 114,000. Waliniambia 6,000 ni kodi. Nilitumia kama 20,000 kuichapisha. Rafiki yangu anasema kwa kuwa nimekatwa kila mahali nifaili ‘nil’ tu. Mwenzangu kazini anasema nitumie P9 ya sasa, ya zamani niachane nayo. Kijana wa saiba yuko tayari kunimalizia kwa dakika tano. Nimesikia pia kwamba ukidai pesa zako zirudi ndipo KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wanaanza kukuchunguza. Nianzie wapi? Na je, nadaiwa au nawadai?”*

Unadaiwa, ila si deni la kukunyima usingizi. Ni kati ya shilingi elfu tisa hivi na elfu kumi na tano, kutegemea ushahidi ulio nao wa zile gharama za uchapishaji. Hesabu nitakuonyesha hapa chini hatua kwa hatua, kwa sababu ukiielewa utajua pia kwa nini ushauri wa rafiki yako na wa mwenzako wa kazini una makosa, tena makosa ya aina mbili tofauti.

Nianze na rafiki. Kukatwa kodi na kuwasilisha ritani ni mambo mawili. Makato ya PAYE, yaani kodi ya mshahara ya kila mwezi, ni pesa ambazo mwajiri amekutolea. Ritani ni maelezo yako mwenyewe kwa serikali kwamba mwaka huu nilipata hiki kutoka hapa na hiki kutoka pale, na nimeshakatwa kiasi hiki. Kila mwenye PIN (namba ya mlipakodi) iliyosajiliwa kwa kodi ya mapato anatakiwa kutoa maelezo hayo, hata kama mwajiri alikata hadi senti ya mwisho. Ritani ya nil ni ya mtu ambaye hakupata chochote mwaka mzima: mwanafunzi aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa masomo, au mtu aliyekaa bila kazi toka Januari hadi Desemba. Wewe ukifaili nil unaandika kwamba hukupata kitu, ilhali waajiri wawili na shirika moja wameshawaambia KRA kwamba walikulipa. Majina yao na PIN yako vimo kwenye mfumo. Sheria ya Taratibu za Kodi inaweka adhabu ya asilimia 75 ya kodi iliyofichwa kwa makusudi, na asilimia 20 kama ni kosa lisilo la makusudi. Sidhani ungependa kuwa ndiye wa kueleza kwamba uliandika sufuri kwa bahati mbaya.

Ile miezi miwili ya kukaa nyumbani haihitaji nil yake. Ritani ya mtu binafsi ni moja kwa mwaka, Januari hadi Desemba.

Sasa mwenzako wa kazini. Ushauri wake ni hatari zaidi kwa sababu una utamu. Ukiingiza P9 ya sasa peke yake, mfumo utaona kwamba mwaka mzima ulipata 420,000 tu, yaani 70,000 mara sita. Kodi ya mapato hayo, baada ya nafuu ya kibinafsi, ni 34,600. Lakini mwajiri wako alikukata 80,300 katika miezi hiyo sita. Kwa hiyo chini ya fomu itatokea kwamba unawadai KRA zaidi ya shilingi 45,000. Nimeona watu wakiruka kwa furaha mbele ya kompyuta kwa namba kama hiyo, na baadaye wakiitwa waeleze mshahara wa Januari hadi Aprili ulipotelea wapi.

Kiini cha mambo yote haya ni kwamba PAYE hupigwa kwa mwezi, lakini kodi yenyewe hupigwa kwa mwaka. Viwango vilivyoanza Julai 2023 viko hivi: shilingi 24,000 za kwanza za mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na kutoka hapo hadi 500,000 ni asilimia 30. (Kuna ngazi mbili juu yake, asilimia 32.5 na 35, ambazo mimi na wewe tutazizungumzia siku tukijaliwa.) Ukishapata jumla unaondoa 2,400, ambayo ndiyo nafuu ya kibinafsi ya mwezi. Mwaka mzima ngazi hizo zinakuwa 288,000 za kwanza kwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25, kisha asilimia 30, na nafuu inakuwa 28,800.

Mhasibu wa mwajiri wako wa kwanza alikuwa anatazama mwezi mmoja mmoja. Kila mwezi alichukua 50,000, akapata 9,783.35, akaondoa 2,400, akakukata 7,383.35. Kwa miezi minne hiyo ni 29,533.40. Wa pili alifanya vilevile kwa 70,000 akakukata 13,383.35 kila mwezi, jumla 80,300.10. Hakuna aliyekosea. Ila hakuna hata mmoja aliyejua kwamba Mei na Juni ulikuwa nyumbani, na kwamba zile ngazi za chini za miezi hiyo, pamoja na nafuu yake, hazikutumika.

Chukua sasa mwaka mzima. Mishahara yote miwili inafika 620,000. Shilingi 288,000 kwa asilimia 10 ni 28,800. 100,000 kwa asilimia 25 ni 25,000. 232,000 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 69,600. Jumla 123,400, toa nafuu 28,800, inabaki 94,600. Ulikatwa 109,833.50. Kwa upande wa mshahara peke yake, basi, umelipa zaidi kwa 15,233.50. Hiyo ndiyo thamani ya miezi miwili uliyokaa bila mshahara, na ni haki yako. Nafuu ni ya mwaka mzima kwako uliye mkaazi wa Kenya. Haipunguzwi kwa kuwa ulifanya kazi miezi kumi.

Msomaji mwenye hali iliyo kinyume na yako, aliyekuwa na ajira mbili kwa wakati mmoja, atakuta mambo yamepinduka. Kila mwajiri amempa 2,400 zake na kila mmoja ameanza kuhesabu kutoka asilimia 10. Huyo mwisho wa mwaka atadaiwa tu, na ajiandae.

Tuje kwenye ripoti. Ile 6,000 waliyokukata ni kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya kazi ya kitaalamu. Wengi wanaamini kwamba wakishakatwa hiyo asilimia 5 wamemalizana na serikali. La. Ni malipo ya awali tu, mfano wa rubuni. Kuna mapato ambayo kodi ya zuio huwa ndiyo ya mwisho, kama riba ya akiba ya benki inayokatwa asilimia 15, lakini ada ya ushauri haimo katika kundi hilo. Inaongezwa juu ya mshahara wako, na kwa kuwa mshahara umeshajaza ngazi za chini, kila shilingi ya ripoti inaangukia asilimia 30. Angalia pia kwamba kinachotangazwa ni 120,000, si 114,000 zilizoingia kwenye simu. Hilo ni kosa ninalolikuta kila mwaka.

Gharama ulizotumia kuipata pesa hiyo zinaondolewa kwanza, lakini kwa sharti: tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, ukiacha chache zilizosamehewa. Kwa hiyo swali langu kwako ni kuhusu karatasi aliyokupa mchapishaji. Itoe uitazame. Kama ina msimbo wa QR, namba ya ankara ya KRA, na PIN yako imeandikwa kama mnunuzi, una 20,000 za kuondoa. Kama ni risiti ya kitabu iliyoandikwa kwa kalamu na kupigwa muhuri, ni kumbukumbu nzuri ya urafiki wenu lakini haitakusaidia kwenye ritani. Mrudie umwombe ankara halisi kabla hujafaili. Kama amesajiliwa eTIMS anaweza kuitoa.

Ukiwa na ankara: 120,000 toa 20,000 ni 100,000, kodi yake 30,000, toa 6,000 zilizokatwa, inabaki 24,000. Zile 15,233.50 ulizolipa zaidi kwenye mshahara zinafidia sehemu, nawe unabaki kudaiwa 8,766.50. Bila ankara: kodi ya ripoti ni 36,000, toa 6,000, toa 15,233.50, deni 14,766.50. Karatasi moja ya mchapishaji ina thamani ya shilingi elfu sita. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na eTIMS.

Kuhusu tarehe, hapa kuna jambo ambalo hata watu wa ofisini hulisahau. Mwisho wa kuwasilisha ritani ya 2025 ni tarehe 30 Juni 2026. Hiyo kila mtu anaijua, kwa sababu redio huipigia kelele. Lakini salio la kodi lenyewe hutakiwa kulipwa kufikia tarehe 30 Aprili. Aliyeajiriwa mahali pamoja mwaka mzima hajali, kwa kuwa hana salio. Wewe unalo. Ukichelewa kulipa kuna adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kwa deni la 8,766.50 hiyo ni kama 438 na 88 hivi kwa kila mwezi. Si maafa. Ukichelewa kufaili, adhabu ni 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ipi iliyo kubwa, na hiyo inakupata hata kama hudaiwi kitu.

Nianzie wapi, umeuliza. Anzia kwa mwajiri wa zamani. Mwombe P9 yake kwa maandishi, barua pepe inatosha, maana wewe si mfanyakazi wake tena na hakuna atakayekukumbuka. Ni wajibu wake kukupa. Ukiipata usiitie kwenye faili moja kwa moja. Iweke mezani pamoja na hati zako za mshahara na ulinganishe mstari kwa mstari. Safu za Januari hadi Aprili ziwe na namba, Mei kushuka chini ziwe tupu. Hakikisha PIN iliyo juu ni yako: herufi moja ikikosewa, makato yako yanakwenda kwa mtu mwingine. Angalia kwamba michango ya NSSF (hifadhi ya jamii), SHIF (bima ya afya) na ushuru wa nyumba imeondolewa kabla ya kodi kupigwa, kwa sababu tangu mwisho wa Desemba 2024 hizo mbili za mwisho nazo hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Kama una bima ya maisha au ya elimu uliyolipia mwenyewe, tafuta cheti chake cha mwaka. Nafuu yake ni asilimia 15 ya ulicholipa, isiyozidi 60,000 kwa mwaka.

Cheti cha zile 6,000 hutoka chenyewe kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na kutumwa kwa barua pepe pindi shirika linapowasilisha kodi. Wanatakiwa kuiwasilisha ndani ya siku tano za kazi baada ya kukukata. Usipokiona kwenye akaunti yako, maana yake wamekukata lakini hawajapeleka, na kwa mfumo wewe hujalipa kitu. Wapigie simu sasa, wakati mhasibu wao bado ana nafasi, wala usisubiri Juni.

Na kijana wa saiba. Sina ugomvi na saiba. Kuna vijana huko wanaoijua iTax kuliko mimi. Lakini ritani kama yako haiishi kwa dakika tano, na anayekuahidi dakika tano ana jambo moja tu kichwani, nalo ni nil. Kuna mama mmoja alinijia tarehe 28 Juni, hawezi kuingia kwenye akaunti yake. Tulipobonyeza ‘nimesahau nywila’, ujumbe ukaenda kwenye barua pepe ya kijana aliyemfungulia PIN miaka mingi nyuma, na saiba yenyewe ilishageuzwa duka la viatu. Ritani zake za miaka mitatu zote zilikuwa nil, na yeye ameajiriwa. Kwa hiyo kabla ya lolote ingia iTax, fungua maelezo ya PIN yako, na uhakikishe barua pepe na namba ya simu ni zako. Ukienda saiba kwa ajili ya kompyuta, andika nywila kwa mkono wako.

Ukifika kwenye fomu yenyewe, chagua ritani ya mkaazi, mtu binafsi. Ile fomu fupi ya mtandaoni imetengenezwa kwa mwenye mshahara tu. Wewe mwenye ada ya ushauri utashusha ile ya Excel, na ni lazima uiruhusu makro zake zifanye kazi, la sivyo vitufe vitabaki vimekufa. Sehemu F ndipo unapoandika waajiri, kila mmoja kwenye mstari wake. Sehemu M ndipo unapoandika PAYE waliyokukata, tena mistari miwili. Watu huijaza F vizuri, wakaisahau M au wakaandika mwajiri mmoja, kisha fomu inawatolea deni la kutisha. Ukiona deni la laki na zaidi, usizimie, rudi M. Mwisho kabisa, Sehemu T, hakikisha nafuu ya kibinafsi inasomeka 28,800, na kwamba namba ya chini inakaribia ile tuliyoipiga hapa. Isipokaribia usiwasilishe, tafuta tofauti iko wapi.

Ule uvumi kwamba anayedai arejeshewe ndiye anayechunguzwa una chembe ya ukweli. Anayedai ataombwa P9 na vyeti, na mara nyingine atasubiri sana kuliko angependa. Huko ni kuthibitisha dai tu, na mwenye karatasi zake hana cha kuogopa. Kwa hali yako hata hilo halikuhusu, kwa sababu ulicholipa zaidi kinamezwa ndani ya ritani hiyohiyo na deni la ripoti. Usikubali mtu akutenganishie: adai marejesho ya mshahara huku akiiacha ripoti nje.

Kuna hali ambazo ningekuambia ufunge kompyuta uende kuonana na mtu ana kwa ana, kwenye ofisi ya KRA, dawati lao la Huduma Centre, au kwa wakala wa kodi aliyesajiliwa. Moja ni ikiwa mwajiri wa kwanza alikukata lakini PAYE yako haionekani kwenye mfumo. Beba hati za mshahara na taarifa ya benki, kwa maana unahitaji afisa wa kuifuatilia. Nyingine ni kama mkataba ulipoisha ulilipwa mkupuo wa kiinua mgongo au fidia, ambao una kanuni zake za kugawanywa katika miaka na usiojazwa kwa kubahatisha. Ukiwa na kodi ya nyumba unayopokea, au mapato ya nje ya nchi, hali kadhalika. Na kama uliwahi kufailiwa nil miaka ya nyuma bila kujua, ritani hizo hurekebishwa. Ni heri uzirekebishe mwenyewe kabla hujaandikiwa barua.

Ukishawasilisha, pakua risiti ya kupokelewa, toa namba ya malipo humohumo iTax, lipa, na uhifadhi kila kitu kwa miaka mitano. Na kama shirika lile litakupa ripoti nyingine mwaka huu, siku pesa inapoingia weka kando robo ya malipo kamili kabla ya makato, maana asilimia 5 wameshachukua na 25 bado. Kazi hizo zikifika 160,000 baada ya gharama, deni lililo nje ya PAYE linakaribia 40,000, na likipita hapo sheria inakutaka ulipe kwa awamu nne ndani ya mwaka wenyewe, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Niandikie tena ukifika huko.